Chalii wa Arusha, Pikipiki za Mwingereza na Tochi ya Trafiki

Msomaji wangu, kama hujawahi kukaa nyuma ya bodaboda kutoka Mnara wa Saa hadi Usa River, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi Julai, basi usiniambie lolote kuhusu baridi. Machozi yanakutoka bila kufiwa. Mlima Meru uko hapo kushoto kwako, mrefu wa zaidi ya mita 4,500, lakini huuoni ng'o, umejifunika mawingu kama bibi harusi. Unachokiona ni mgongo wa dereva wako tu. Kavaa koti kaligeuza nyuma mbele ili upepo usimpige kifuani, na mkono wa kulia umevuta mafuta hadi mwisho.

Barabara yenyewe nayo inamchokoza. Mji wa Arusha umekaa kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, wakati uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ile KIA yetu, uko chini ya mita 900. Maana yake ukitoka mjini, ukapita Tengeru, Usa River, Kikatiti mpaka njiapanda ya KIA, unateremka. Vilima vya hapa na pale vipo, lakini hesabu ya mwisho ni kushuka karibu mita 500. Machalii wanaijua hesabu hiyo bila kushika chaki. Akishamshusha abiria wake Tengeru akabaki peke yake, mtazame anavyofanya: tumbo juu ya siti, kidevu juu ya tenki, miguu kainyoosha nyuma kama mkia wa samaki. Amelala! Na kipikipiki chenyewe ni Boxer ya cc 150, nguvu zake ni kama farasi 12 hivi.

Mama wauza ndizi pale barabarani wanapiga ukunga, wanasema huyo kavuta kitu. Labda kavuta, labda hakuvuta. Mimi nilichokuja kukuambia leo ni kwamba mtindo huo una mwenyewe, na mwenyewe alikuwa juu ya pikipiki ya Mwingereza.

ALIVUA NGUO ZOTE!

Tarehe 13 Septemba 1948, Mmarekani mmoja anaitwa Rollie Free alipeleka pikipiki aina ya Vincent HRD kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah. Vincent zilikuwa zinatengenezwa mji wa Stevenage, Uingereza. Injini yake ilikuwa cc 998, silinda 2 zimekaa kama herufi V. Jamaa alitaka kuvuka maili 150 kwa saa, kitu ambacho Wamarekani walikuwa hawajakiona kwa pikipiki ya kawaida. Akavaa nguo zake za ngozi, akalala, akavuta mafuta. Akapata maili 147. Upepo ukazichana zile nguo vipande vipande.

Mtu mwingine angerudi nyumbani akanywe chai. Yeye alivua! Akabaki na chupi ya kuogelea, kofia ya kuogelea na raba miguuni. Akalala kifudifudi juu ya pikipiki, miguu hewani kwa nyuma, akapita kwenye mashine za kupimia muda kwa maili 150.313 kwa saa. Kwa lugha yetu ni karibu kilomita 242. Picha yake imezunguka dunia nzima, na ukiiona utacheka, halafu utasema, huyu mbona kama chalii wa Kikatiti?

Hapo ndipo sayansi inapoanza, msomaji, na usiogope, nitakupitisha polepole. Adui wa pikipiki inayokimbia ni hewa. Ukiongeza kasi mara mbili, hewa inakuzuia mara nne, na injini inatakiwa itoe nguvu mara nane ili kuishinda. Mara nane! Ndiyo maana Boxer yako inatoka 40 kwenda 80 vizuri tu, lakini kutoka 80 kwenda 100 inaanza kulia kama mtoto. Sasa una njia mbili. Ama uongeze nguvu ya injini, ama upunguze ukubwa wa kitu kinachopasua hewa, yaani wewe mwenyewe na koti lako. Free hakuwa na nafasi ya kuongeza nguvu pale jangwani, akaamua kupunguza koti.

Kwa hiyo chalii anayelala kwenye tenki hajakosea fizikia. Fizikia yake iko sawa kabisa. Mahali anapolalia ndipo penye balaa: barabara ya watu, yenye ng'ombe, watoto wa shule, haisi na lori la mchanga lisilo na taa ya nyuma. Kule Bonneville hakuna hata mti. Ni chumvi tupu, bapa, hadi macho yanachoka.

ARUSHA NA BONNEVILLE NI MAJIRANI

Majirani kwa kimo, siyo kwa ramani. Ule uwanda wa chumvi uko karibu mita 1,300 juu ya bahari, sisi mita kama 1,400. Kwa mpenda mbio hili si jambo dogo hata kidogo, kwa sababu huku juu hewa ni nyepesi. Ukilinganisha na Dar es Salaam, hewa ya Arusha ni pungufu kwa karibu asilimia 13. Inakuzuia kidogo unapokimbia, safi. Lakini injini nayo inakula hewa hiyo hiyo, kwa hiyo inashiba kidogo na nguvu inapungua. Kizunguzungu, siyo?

Nenda kwenye gereji za chini ya miti upande wa Unga Limited ukawaulize mafundi kuhusu pikipiki inayoletwa kutoka pwani. Nilikaa na mzee mmoja pale, mikono yake haijawahi kuwa safi toka ajiunge na kazi hiyo. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, kaa kwenye tairi hilo. Akachomoa plagi ya pikipiki iliyokuja juzi, akanionyesha. Nyeusi kama mkaa.

"Hii imezoea Dar," akasema. "Mafuta ni yale yale, hewa imepungua. Inakunywa kuliko inavyopumua."

Dawa yake ni kubadilisha jeti, kile kitundu kidogo ndani ya kabureta kinachopitisha mafuta, uweke chenye tundu dogo zaidi. Au unaishusha sindano ya kabureta kidogo. Kazi ya nusu saa. Na kazi hiyo hiyo, msomaji, ndiyo waliyokuwa wanaifanya mafundi wa rekodi kule Bonneville, wakiwa wamepiga magoti kwenye chumvi na mfuko wa majeti. Tofauti ni kwamba wengine walikuwa hawatumii petroli. Johnny Allen, kijana wa Texas, mwaka 1956 alitumia methanoli, na methanoli inatakiwa imiminwe kwa wingi kama mara mbili ya petroli, hivyo yeye jeti zake zilikuwa na matundu makubwa. Faida yake inapooza injini, kwa hiyo unaweza kubana zaidi hewa ndani ya silinda bila pistoni kutoboka. (Methanoli ni spiriti lakini ni sumu. Tafadhali usiionje, na wala usije ukamwaga gongo kwenye tenki ukasema umesoma kwenye gazeti.)

Huyo Allen alikaa ndani ya kitu kirefu kama sigara, chenye bodi iliyomfunika mwili mzima, na injini yenyewe ilikuwa Triumph ya cc 650, silinda 2. Injini ya kawaida ya dukani iliyopikwa vizuri na mafundi wa Texas. Tarehe 6 Septemba 1956 alifikisha maili 214.17, karibu kilomita 345 kwa saa. Ndege ndogo zinazotua uwanja wa Kisongo nyingi zingemwona nyuma tu. Chama cha dunia cha pikipiki, FIM, kikakataa kuitambua rekodi kwa sababu ya mambo ya usimamizi na upimaji. Kelele zikapigwa miaka. Wenye Triumph hawakununa. Walichukua jina la ule uwanda wa chumvi wakaibandika pikipiki yao mpya, Bonneville, ikaingia sokoni kwa mwaka 1959 na inauzwa mpaka leo. Halafu mwaka 1962 Bill Johnson akaja na Triumph nyingine ya cc 650 akapiga kilomita 361 kwa saa, na safari hii FIM ikasaini.

Unaona mchezo wao ulivyo? Kukimbia peke yake hakukutoshi. Unapimwa na mashine, unakwenda upande mmoja, unageuza unarudi upande wa pili ndani ya muda uliowekwa, halafu wanachukua wastani ili upepo au mteremko usikubebe. Kwa kanuni hiyo, rekodi zote za kijiweni za Tengeru kwenda KIA zinafutwa leo hii. Geuza urudi unapanda mlima ndugu yangu, ndipo tutazungumza.

Wanaopanda mlima wenyewe wapo, tena hao ndio mafundi wa kweli kwa maoni yangu. Nenda Ngaramtoni siku ya soko uwatazame wanaoshuka kutoka Olkokola na magunia ya viazi. Mmoja ana gunia mbili nyuma na debe mbele, matope ya mlima yako hadi masikioni. Amebadilisha sproketi ya nyuma, kaweka yenye meno mengi. Kwa lugha ya gereji hiyo inampa nguvu ya kuvuta na kumnyang'anya mbio. Wale wa Bonneville walifanya kinyume chake, wanapunguza meno nyuma ili gurudumu lizunguke sana kwa kila mzunguko wa injini. Somo ni moja, majibu mawili. Huyu wa viazi hajui kwamba anafanya hesabu ya wahandisi, na ukimwambia atakuuliza kama unanunua viazi au hununui.

NA WADADA JE?

Najua kuna dada anasoma hapa anasema haya ni mambo ya wanaume. Subiri kidogo, dada yangu.

Huko Uingereza kulikuwa na kiwanja cha mbio kinaitwa Brooklands, karibu na London, kilichofunguliwa mwaka 1907 na kufungwa vita ilipoanza 1939. Ni duara la zege lenye kingo zilizoinuka kama bakuli. Ukiweza kuzunguka raundi moja kwenye mashindano kwa zaidi ya maili 100 kwa saa, yaani kilomita 161, unapewa beji ndogo inaitwa Nyota ya Dhahabu. Beji hiyo ndiyo iliyozaa jina la pikipiki ya BSA Gold Star, baada ya Wal Handley kuipata kwa BSA mwaka 1937. Wanawake walioipata ni watatu tu. Florence Blenkiron mwaka 1934 alikuwa wa kwanza. Mwaka huo huo akafuata Beatrice Shilling juu ya Norton ya cc 500. Theresa Wallach akapata yake mwaka 1939, tena na Norton ndogo ya cc 350.

Huyo Shilling alikuwa mhandisi wa umeme na mitambo. Inasemekana mchumba wake, George Naylor, aliambiwa wazi kwamba hakuna ndoa mpaka naye apate Nyota ya Dhahabu. Jamaa akaenda akapata! Wadada wa Arusha mnaodai mahari ya simu mpya, mmesikia? Vita vilipokuja, ndege za kivita za Waingereza zilikuwa na ugonjwa: rubani akiinamisha pua ghafla, kabureta inavurugika na injini inazima angani. Shilling akatengeneza kidude kidogo cha shaba chenye tundu la kupimia mafuta, kikafungwa kwenye ndege mwaka 1941. Kidude kidogo, jeti tu kwa lugha ya Unga Limited, na marubani wakapona.

Wale wawili waliobaki, Blenkiron na Wallach, ndio wanaotuhusu zaidi sisi watu wa Arusha. Desemba 1934 walitoka London kwenda Cape Town kwa pikipiki. Siyo kwa meli, kwa pikipiki! Panther ya cc 600, silinda moja kubwa, iliyotengenezwa Cleckheaton, Yorkshire, injini yake imeinamia mbele kwa mshazari na ndiyo inayoshikilia nafasi ya bomba la fremu. Wakaifunga kigari cha pembeni, na nyuma yake trela. Wakaingia Sahara. Pikipiki ikawafia jangwani, ikaja kufunguliwa na kuungwa upya Agadez, Niger. Wakaendelea Nigeria, Afrika ya Ikweta ya Wafaransa, Kongo, Uganda, Kenya, Tanganyika, wakavuka kwenda Rhodesia, na mwisho wa Julai 1935 wakaingia Cape Town. Miezi saba na nusu.

Sasa rudi pale Mnara wa Saa. Wazee wanasema mnara ule uko katikati ya Cairo na Cape Town, na waongoza watalii wanalisema hilo kwa sauti kubwa zaidi. Mimi sijaleta futi kupima. Lakini barabara kuu ya enzi hizo kutoka Nairobi kwenda kusini ndiyo hii inayoshuka Namanga, inapita Longido na Oldonyo Sambu, inazunguka kiuno cha Meru hadi Arusha, halafu Babati, Kondoa, Dodoma, Iringa na Mbeya. Wengi wa wazungu waliokuwa wanaota Cairo mpaka Cape waliota kupitia hapo. Leo ukiipita kwa basi una kiyoyozi na filamu ya Kinaijeria, bado unalalamika mgongo.

Vilevile usidhani mabinti wale walikuwa wanakimbia Sahara kama Brooklands. Kiwanjani waligusa kilomita 160, safarini walikwenda mwendo wa trela. Walijua mahali pa mbio na mahali pa kufika.

ELEMENTI MKONONI

Hapa nitaandika taratibu kidogo. Kijiweni kwetu Sakina palikuwa na chalii, jina lake tuliache lipumzike. Mcheshi, ana TVS nyekundu aliyokuwa anaiosha kuliko anavyojiosha mwenyewe. Usiku wa Jumamosi moja walikwenda baipasi, ile inayozunguka mji upande wa kusini, watatu, kila mmoja elfu ishirini mezani. Alikuwa anaongoza, amelala kwenye tenki. Lori lilikuwa limeharibika kando ya barabara, matawi ya miti yamewekwa karibu mno. Helmeti yake, elementi kama tunavyoita vijiweni, ilikutwa imevaliwa kwenye kiwiko kama kikapu cha sokoni. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Tulichanga, tukamsafirisha kwao Rombo.

Waliobaki wawili bado wanaendesha. Mmoja kaacha mbio. Mwingine bado analala kwenye tenki, na helmeti bado iko kiwikoni.

Ngoja nikuhadithie helmeti ilikotoka, maana nayo imetoka kwenye pikipiki ya Mwingereza. Zamani hizo pikipiki ya kifahari kuliko zote ilikuwa Brough Superior, na modeli yake ya SS100 ilikuja na hakikisho kwamba imeshajaribiwa kufika maili 100 kwa saa. Eric Fernihough aliichukua Brough yenye injini ya JAP, akaiwekea supachaja, yaani pampu ya kuisukumia injini hewa kwa nguvu, akafikisha kilomita 273 kwa saa huko Hungary mwaka 1937. Mwaka uliofuata akarudi pale pale kujaribu tena, akafa.

Lakini aliyebadilisha mambo ni mwingine. T. E. Lawrence, afisa yule maarufu aliyepigana Uarabuni katika Vita Kuu ya Kwanza, alikuwa mgonjwa wa Brough, alimiliki saba maishani. Mei 1935, wakati Blenkiron na Wallach wako njiani Afrika, Lawrence alikuwa juu ya SS100 yake kwenye barabara ya kijijini Uingereza. Vijana wawili wa baiskeli wakatokea mbele. Akawakwepa, akaanguka, akapigiza kichwa. Hakuwa na helmeti. Alikufa baada ya siku sita, akiwa na miaka 46.

Mmoja wa madaktari waliomhudumia alikuwa mpasuaji wa ubongo, Hugh Cairns. Jambo hilo halikumtoka. Vita vya pili vilipoanza akawa anafuatilia vifo vya waendesha pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha matokeo. Katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikuwa wamekufa kwenye ajali za barabarani kule Uingereza, na kilichowaua wengi ni kichwa. Waliokuwa na helmeti walitoka na majeraha mepesi. Jeshi la Uingereza likalazimisha helmeti kwa wapeleka barua wake wa pikipiki Novemba mwaka huo. Raia wa kawaida wa huko walingoja sheria mpaka 1973. Kwa hiyo ukimwona trafiki wa Arusha anakudai elementi, jua kwamba nyuma yake kuna daktari, na nyuma ya daktari kuna Brough iliyolala mtaroni.

NANI MWENYE NORTON?

Tuchangamke kidogo. Viwanda vile vya Waingereza vilikufa kimoja baada ya kingine kuanzia miaka ya hamsini na kuendelea. Vincent iliacha kutengeneza pikipiki 1955. Majina hayakufa. Royal Enfield ya Redditch ilishahamia India toka 1955 ilipoanza kuungwa Madras, na leo ni ya Wahindi moja kwa moja. BSA jina lake lilinunuliwa na kampuni ya kundi la Mahindra mwaka 2016. Na Norton, ile ile ya Beatrice Shilling na Theresa Wallach, iliyoanza Birmingham mwaka 1898? Aprili 2020 ilinunuliwa kwa pauni milioni 16 na kampuni inaitwa TVS.

Ndiyo, TVS hiyo hiyo! Hiyo HLX inayokungoja stendi ya Kilombero na muziki wa singeli. Triumph bado ni ya Mwingereza, lakini toka 2023 pikipiki zake ndogo za cc 400 zinatengenezwa India na Bajaj, mwenye Boxer.

Nilikwenda kuitangaza habari hii kijiweni. Wakanyamaza wote. Halafu mmoja mwenye HLX akashuka, akaitazama pikipiki yake mbele na nyuma, akauliza:

"Kwa hiyo kaka, mimi na Mwingereza nani bosi?"

Mwenye Boxer akamjibu kwamba bosi ni mwenye deni la benki, na kwa maana hiyo hapo kijiweni hakuna bosi. Kicheko.

Sasa nina hoja yangu, na mheshimiwa yeyote anayesoma gazeti hili akiwa kwa kinyozi naomba aisikilize. Tarehe 2 Julai 1955, huko New Zealand, fundi kijana anaitwa Russell Wright alichukua Vincent Black Lightning akaipeleka kwenye barabara ya kawaida ya mashambani, Tram Road, nje ya mji wa Christchurch. Siyo uwanda wa chumvi. Lami nyembamba, na siku hiyo ilikuwa imelowa. Walichofanya ni kuifunga barabara, wakaweka mashine za kupimia, wakaweka watu wa kuzuia magari. Wright akapiga maili 185.15, karibu kilomita 298 kwa saa, rekodi ya dunia! Siku hiyo hiyo mwenzake, Bob Burns, akavunja rekodi ya pikipiki zenye kigari cha pembeni. Jioni barabara ikafunguliwa, ng'ombe wakapita.

Sisi tunakosa nini? Barabara iliyonyooka tunayo, ukitoka Kisongo kuelekea Makuyuni unaona mbele mpaka kesho. Mwinuko wa Bonneville tunao. Machalii tunao, wengi mno. Mafundi wa jeti wako Unga Limited wamekaa juu ya matairi. Na mashine ya kupima kasi? Tochi! Trafiki wetu anayo mkononi kila siku, anajificha nayo nyuma ya mkaratusi akimngoja mwenye kuzidisha 50 mbele ya shule. Jumapili moja tu kwa miezi mitatu, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, kilomita 3 zifungwe huku na huku. Gari la wagonjwa lisimame na dereva awe ndani, siyo kwenye supu. Asiye na elementi kichwani haingii. Unakwenda, unageuza, unarudi, wastani unaandikwa ubaoni. Elfu ishirini zile zile za baipasi zinakuwa kiingilio.

Wataniambia tunawafundisha vijana mbio. Hao vijana mbio wanazijua tayari, mzee wangu. Wanafanyia gizani, bila mtu wa kupima, karibu na malori yaliyoharibika.

Niliwauliza kijiweni kama watakuja. Wote mikono juu, hata yule wa elementi kiwikoni, ila yeye alitaka kujua kwanza kama ni lazima kuvua kama Rollie Free. Nikamwambia ni hiari. Akatazama juu kwenye Meru, wingu limekaa pale pale toka alfajiri, akafunga zipu ya koti lake hadi shingoni. "Basi mimi niandike na koti langu," akasema. "Kwa baridi hii ya Julai, rekodi ya chupi abaki nayo yeye."